Kichwa Kipya

Kimefika kwa treni, ndani ya boksi la biskuti,
kimeviringishiwa gazeti la mwezi uliopita:
kichwa cha bomba la gesi, kinene kama kidole gumba,
usoni vitundu, vitundu, vitundu.
Nikasema, hili ni sega.
Tabora hii, nani asiyelijua sega?

Kile cha zamani nilikifungua kwa spana na matusi.
Miaka kumi na mmoja kilinguruma hapa Isevya
juu ya mtungi wake mdogo wa kubeba mkononi,
kikiziba ndoo, kikinyoosha viti vya plastiki
vilivyopindwa na makalio ya harusi.
Mteja alipotaja bei nilimwonyesha sikio,
akapandisha.

Lakini Kalunde hulala mchana.
Usiku kucha yuko wodi ya wazazi, Kitete,
akipokea watu wanaofika bila mizigo.
Asubuhi hurudi na viatu mkononi,
hujitupa nyuma ya ukuta huu wa matofali mabichi
ambao upande mmoja ni usingizi
na upande wa pili ni mimi.
Hajawahi kulalamika. Ndiyo maana nikaona haya.
Nikadunduliza. Madumu arobaini na mawili niliyaziba
ili ninunue kitu kisichopiga kelele.

Nikafungua gesi. Ssss, kama mtu anayebembeleza mtoto,
kisha basi.
Hakuna ulimi wa moto, hakuna bluu.
Vitundu vikaiva kimoja kimoja
vikawa rangi ya papai, papai la ndani kabisa.
Nikalishika beseni la Mihayo umbali wa shubiri;
ufa ukalainika, ukafumba.
Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na ile harufu
inayokaa kwenye shati mpaka Ijumaa.

Ndipo nikaanza kusikia.
Sikujua kwamba jirani yangu wa cherehani
huhesabu kwa sauti, na hukosea akivuka thelathini.
Sikujua kwamba bati langu hulia jua likipanda,
tik, tik, kama linafikiria deni.
Nikasikia goti langu.
Nikasikia, na hili sikulipenda,
kwamba huwa nazungumza na ndoo.

Na kwa kuwa moto usiosema husahaulika,
niliulaza mezani ungali macho
nikageuka kutafuta msasa.
Niliporudi, daftari la madeni lilikuwa limeliwa pembe,
kuanzia Nyanzala mpaka Sizya, majivu.
Ule wa zamani usingenifanyia hivi.
Ule ulikuwa mwizi mwenye njuga.

Nilikuwa bado nazipuliza kurasa
mlango wa nyuma ulipogonga ukuta.
Kalunde: kanga imefungwa kombo,
alama ya mkeka shavuni, miguu mitupu.
Akanishika mabega. Akanitazama macho.
Akanitazama vidole, akavihesabu.
"Umepatwa na nini? Mbona kimya?"

Nikamwonyesha sega.
Alilitazama kama atazamavyo, nadhani,
mtoto aliyetoka bila kulia.
Kule wodini kimya si habari njema;
kimya hupigwa makofi mgongoni
mpaka kiseme.
"Nilidhani umeanguka," akasema,
akaketi kwenye kiti kilichopinda
ambacho bado sijakinyoosha.

Hatukukirudisha cha zamani. Kimeshikilia mlango usipigwe na upepo.
Nyanzala alikuja, akataja deni lake mwenyewe,
dogo kuliko ninavyokumbuka; nikapokea.
Sizya sijamwona.

Sasa huwasha sega, husubiri papai,
halafu huzungumza na ndoo kwa sauti, makusudi,
nikiulizia mfuniko wake, visima ilivyoviona.
Leo dumu la lita ishirini nimelieleza
mambo ambayo hata padri sijamwambia.
Nikanyamaza kidogo, nikatega sikio ukutani.

Anakoroma. Nikaendelea.